Kuokoa si Kazi, Kazi ni Kulea: Dubu wa Agra na Deni la Wafadhili

Wahenga waliponena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walimlenga binadamu. Hata hivyo, methali haikomei pale ilipozaliwa. Ipo kazi moja ya zama hizi inayoafikiana na methali hiyo kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake, nayo ni kuwatunza wanyama wa mwituni ambao wamenusurishwa kutoka katika mateso lakini hawawezi tena kurejeshwa porini. Siku ya kumwokoa mnyama huja na wapiga picha, hotuba na machozi ya furaha. Siku zinazofuata, ambazo huenda zikatimia elfu kumi, huja na uji wa kupikwa, kinyesi cha kuzolewa, meno mabovu ya kung'olewa na ankara za dawa. Siku ile ya kwanza hupata wafadhili bila taabu. Hizo elfu kumi zinazosalia ndizo zinazowatafuta.

Makala haya yanashikilia kwamba anayemwokoa mnyama amejitwika deni linalodumu muda wote wa uhai wa mnyama huyo, na kwamba kituo chochote kinachoitwa cha elimu kinapaswa kupimwa kwa namna kinavyolilipa deni hilo, wala si kwa idadi ya wanyama kilichowapokea. Mfano utakaotumiwa ni ule wa dubu waliokuwa wakichezeshwa barabarani nchini India, ambao wengi wao walihamishiwa katika kituo kilichopo karibu na mji wa Agra.

Dubu na Msomaji wa Afrika Mashariki

Dubu si mnyama wa Afrika Mashariki. Jina lake lenyewe lilikuja kwa jahazi la maneno ya Kiarabu, ambako huitwa dubb, nao Waswahili wakalitia irabu mwishoni kama ilivyo desturi yao. Barani Afrika, dubu wa mwisho wa porini waliishi katika milima ya Atlas, upande wa kaskazini, nao wakatoweka katika karne ya 19. Ndiyo maana simba, fisi na sungura wametamalaki katika ngano za Waswahili, ilhali dubu ni mgeni anayepatikana zaidi katika kamusi na katika hadithi zilizotafsiriwa.

Basi ya dubu wa India yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Kenya nayo ina wanyama waliomo katika hali iyo hiyo. Hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters, iliyomo ndani ya Ol Pejeta katika Laikipia, ilianzishwa mwaka wa 1993 kwa makubaliano kati ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na Taasisi ya Jane Goodall. Sokwe si mnyama wa asili ya Kenya. Wale wa kwanza waliletwa kutoka Burundi, nchi iliyokuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna msitu wa Kenya wanaoweza kurejeshwa, kwa kuwa hakuna msitu wa Kenya walikotoka. Pili, suala hili ni suala la lugha, kama itakavyobainika.

Alicheza au Alichezeshwa?

Dubu wa India anayezungumziwa hapa ni mnyama mwenye manyoya marefu meusi, kucha ndefu zilizopinda, na midomo inayonyumbulika. Hana meno mawili ya mbele ya juu, na pengo hilo humsaidia kuwafyonza mchwa kutoka katika vichuguu vyao. Hula pia matunda na asali. Mama huwabeba watoto wake mgongoni, na humo mgongoni ndimo walimozoea kujihisi salama. Ili mtoto apatikane, aghalabu mama aliuawa.

Kwa karne nyingi, jamii ya Wakalandar ilijipatia riziki kwa kuwatembeza dubu hawa vijijini na kando ya barabara, zikiwemo barabara zielekeazo Agra, mji wa Taj Mahal. Inasimuliwa kwamba mababu wa jamii hiyo waliwatumbuiza watawala wa enzi ya Mughal. Mtoto wa dubu alitobolewa pua kwa chuma cha moto bila ya dawa ya kutuliza maumivu, kamba ikapitishwa katika jeraha hilo, na meno yake yakavunjwa au yakang'olewa. Kamba ilipovutwa, dubu alisimama kwa miguu miwili na kurukaruka ili ayakimbie maumivu. Watazamaji waliona ngoma. Wakatupa sarafu.

Hapa mwanafunzi wa sarufi ana la kusema. Kiswahili kimejaliwa kauli za vitenzi zinazofichua kile ambacho macho yameshindwa kukiona. Kucheza ni tendo la mwenye hiari. Kuchezeshwa ni jambo analotendewa asiye na hiari, na viambishi vyake vinamlazimu msikilizaji aulize: aliyechezesha ni nani, na alichezesha kwa njia gani? Mtu anayesema "dubu alicheza" amelificha jeraha. Anayesema "dubu alichezeshwa" amelifunua, wala hakuongeza neno hata moja. Vivyo hivyo kuhusu kufuga na kufunga. Kimatamshi, vitenzi hivi viwili hutenganishwa na sauti ndogo tu ya puani. Kimaana, ndani ya sauti hiyo ndogo mna mnyama mzima na maisha yake yote. Swali la makala haya ni je, kituo cha elimu hufuga, hufunga, au hulea?

Sheria Iliyosubiri Miaka 37

Mwaka wa 1972, India ilipitisha sheria ya kuwalinda wanyamapori. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kumkamata dubu na kumtembeza barabarani ni hatia. Pamoja na hayo, dubu waliendelea kuchezeshwa hadharani kwa miongo mitatu na zaidi. Polisi wangeweza kumkamata Mkalandar, lakini wangempeleka wapi dubu? Na watoto wa Mkalandar wangekula nini jioni ile?

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyojibiwa na shirika la Wildlife SOS, lililoanzishwa mwaka wa 1995 na Kartick Satyanarayan na Geeta Seshamani. Kwa ushirikiano na serikali, na kwa msaada wa mashirika ya nje kama vile International Animal Rescue la Uingereza na Free the Bears la Australia, kituo cha kuwapokea dubu kilijengwa karibu na Agra, ndani ya hifadhi ya ndege ya Sur Sarovar. Dubu wa kwanza alipokewa mwezi wa Desemba mwaka wa 2002. Kila Mkalandar aliyemsalimisha dubu wake alitia sahihi ahadi ya kutorudia kazi hiyo, naye akapewa mtaji wa kuanzisha riziki nyingine. Wanawake walifunzwa ushonaji na kazi nyingine za mikono, na watoto wakasaidiwa kwenda shule. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2009, dubu wa mwisho aliyejulikana kuchezeshwa nchini humo alisalimishwa. Jumla yao walikuwa zaidi ya 600.

Kutoka mwaka wa 1972 hadi mwaka wa 2009 ni miaka 37. Funzo lililomo humo si kwamba sheria haina maana. Ni kwamba sheria isiyofuatwa na mahali pa kumpeleka mnyama wala njia mbadala ya riziki kwa mwenye mnyama hubaki kuwa maandishi. Wakalandar hawakuwa mashetani. Walikuwa maskini waliorithi kazi katili. Aliyewaona hivyo ndiye aliyeweza kuimaliza kazi hiyo.

Elfu Kumi za Siku

Kufikia hapo, magazeti ya dunia yalikuwa yameshaandika habari njema na kugeukia mambo mengine. Kwa mlezi, kazi ndiyo kwanza ilianza.

Dubu anayefika kituoni hutengwa kwanza, kwa sababu huenda amebeba maradhi. Kifua kikuu kimewasumbua wengi wa dubu hawa, nao waliishi maisha yao yote wakipumua hewa moja na watu. Kamba hukatwa na kidonda cha pua hutibiwa. Visiki vya meno yaliyovunjwa, ambavyo vimekuwa vikioza ndani ya ufizi, hung'olewa chini ya nusukaputi. Wengine hufika wakiwa na mtoto wa jicho au vipofu kabisa. Chakula nacho hakina likizo, kwa kuwa dubu wa aina hii halali usingizi wa majira ya baridi kama wafanyavyo baadhi ya ndugu zake wa nchi za theluji. Hula Januari, akala Desemba. Uji wa nafaka na matunda hutayarishwa kila siku, na asiye na meno hupondewa.

Akili nayo hudai chakula chake. Dubu aliyeishi miaka mingi akiwa amefungwa kamba huweza kuendelea kuyumba kushoto na kulia, saa baada ya saa, hata pale ambapo kamba haipo tena. Kumtoa katika hali hiyo kunahitaji uvumilivu na ubunifu: chakula kufichwa ili akitafute, magogo kutobolewa na kupakwa asali ndani, miti ya kupanda, udongo wa kuchimba, bwawa la kuogelea. Jambo lililo dogo kwa mtazamaji, yaani dubu kuchimba shimo kwa hiari yake, kwa mlezi huwa ni ushindi.

Zaidi ya yote, dubu huzeeka. Katika uangalizi mzuri anaweza kuishi miaka 30 au zaidi. Uzee huja na maumivu ya viungo, maini yaliyochoka na uvimbe wa saratani. Dubu aliyesalimishwa akiwa na umri wa miaka mitano anaweza kumtegemea mlezi kwa robo karne. Linganisha muda huo na ule wa ufadhili. Fedha za wafadhili aghalabu hutolewa kwa mwaka mmoja au mitatu, na hupenda kufuata kilicho kipya: mtoto mchanga, jengo jipya, uokoaji wa wiki iliyopita. Dubu kipofu wa miaka 26 anayehitaji dawa ya mifupa hana picha ya kuvutia. Mwaka wa 2020, janga la korona lilipofunga mipaka na viwanja vya ndege, vituo vingi vya wanyama duniani vilivyotegemea viingilio vya wageni vilijikuta na malango matupu ilhali mabakuli yalipaswa kujazwa vilevile. Mnyama hajui kwamba bajeti imekatwa. Anajua tu kwamba uji haujaja.

Kisa cha Nepal kinaonyesha gharama ya kulisahau hilo. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2017, dubu wawili waliosemekana kuwa wa mwisho kuchezeshwa nchini humo, Rangila na Sridevi, waliokolewa kwa shangwe kubwa. Walipelekwa katika bustani ya wanyama wakisubiri mahali pa kudumu. Sridevi alifia humo. Rangila alihamishiwa Agra mwaka wa 2018. Mmoja aliokolewa na kulelewa. Mwingine aliokolewa tu.

Hoja za Wapinzani

Hoja ya kwanza inayopingana na msimamo huu husikika sana nchini Kenya, nayo si hoja ya kudharauliwa. Yawezekanaje fedha kumwagwa kwa dubu au sokwe ilhali kuna mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa karo? Jibu la haraka la wapenda wanyama ni kwamba moyo wenye huruma kwa mnyama huwa na huruma kwa mtu. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa historia imejaa watu waliowapenda farasi na kuwadhulumu watumishi. Jibu lililo thabiti zaidi limo katika kisa chenyewe cha Wakalandar. Dubu hawakuokolewa hadi pale mtoto wa Mkalandar alipofikiriwa. Karo na kamba zilikuwa fundo moja. Kituo kinachomtunza mnyama bila kuwatazama majirani zake maskini kinastahili lawama hiyo kikamilifu. Kinachowatazama wote wawili hakistahili.

Hoja ya pili hutolewa na baadhi ya wanasayansi. Dubu mmoja kizuizini, wanasema, hamwongezi hata dubu mmoja msituni. Fedha hizo zingelinda misitu, zikawazuia majangili, na spishi nzima ikanufaika. Hoja hii ina ukweli ambao vituo vingi hukwepa kuukiri. Kumlea dubu aliyeng'olewa meno si uhifadhi wa spishi. Ni haki anayolipwa mnyama mmoja aliyedhulumiwa. Tofauti na ndovu mayatima wanaolelewa katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambao wakikua hupelekwa Tsavo na hatimaye kujiunga na ndovu wa porini, dubu wa Agra hawana safari ya kurudi. Basi na isemwe hivyo. Mfadhili aambiwe waziwazi kwamba shilingi yake inalipa deni la zamani, na shilingi nyingine inahitajika ili deni jipya lisiundwe. Haki haikomi kuwa haki kwa sababu haizai faida. Wazee hutunzwa katika jamii za Kiafrika, wala hakuna aliyewahi kuuliza watazalisha nini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Je, kituo kinachowaalika watoto wa shule kuja kumtazama dubu hakijamrudisha jukwaani? Jana alitazamwa kwa sarafu, leo anatazamwa kwa tiketi. Tofauti iko wapi?

Tofauti ipo, lakini haipatikani kwa kubadilisha bango langoni. Inapatikana kwa kumpa mnyama haki moja ambayo Mkalandar hakuweza kumpa, nayo ni haki ya kujificha. Ikiwa mgeni amesafiri kilomita mia mbili, amelipa kiingilio, kisha dubu akaamua kulala kichakani asionekane, kituo hufanya nini? Kikimtoa kwa chakula au kwa kelele ili mgeni asirudi mikono mitupu, basi hicho ni kiwanja cha maonyesho hata kama kina maktaba. Kikimwambia mgeni, "Leo hataki kuonekana, na hilo ndilo somo la leo," basi hicho ni kituo cha elimu.

Masharti ya Ulezi

Kutokana na yaliyotangulia, yafaa vituo vya aina hii, viwe vya India au vya Kenya, vishikamane na masharti manne.

Kwanza, asipokewe mnyama mpya kabla ya kujulikana fedha za uzee wake zitatoka wapi. Ni vyema kila kituo kiwe na akiba isiyoguswa kwa majengo wala kwa magari, bali kwa chakula na dawa tu pindi ufadhili unapokauka. Pili, mnyama asiyeweza kurudi porini asizalishwe kizuizini ili kuwavutia wageni kwa watoto wachanga. Kufanya hivyo ni kuongeza wafungwa kwa jina la huruma. Tatu, mgeni asiruhusiwe kumshika, kumlisha wala kupigwa picha akiwa amemkumbatia mnyama, kwani mtoto anayemshika dubu huondoka akiamini kuwa dubu ameumbwa ili ashikwe. Nne, ripoti kwa wafadhili ziwataje wagonjwa, wazee na waliokufa kwa uwazi uleule unaotumiwa kuwataja waliookolewa.

Sharti la tano linawaangukia wana Kiswahili wenyewe. Mabango, vijitabu na maelezo ya waelekezaji katika vituo vya wanyama vya Afrika Mashariki mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwanza, na Kiswahili kikaja baadaye kama shuka la kufunikia. Matokeo yake ni lugha tamu isiyosema kitu: mnyama "anafurahia makao yake mapya", "amepata familia". Mwanafunzi aliyefunzwa kauli za vitenzi ana wajibu wa kuandika kilicho kweli. Bango linalosema, "Sokwe huyu aliletwa hapa kwa sababu watu walimuua mama yake, hatarudi msituni, atatunzwa hapa hadi atakapokufa," lina maneno machache. Mtoto wa darasa la nne ataelewa kila moja. Na huenda akauliza swali lililo mwanzo wa elimu yote: ni watu gani, na kwa nini waliachwa wafanye hivyo?

Hitimisho

Taasisi nyingi husherehekea zinapokua. Shule hujivunia wanafunzi wengi, benki hujivunia matawi mengi. Kituo cha kuwalea wanyama waliodhulumiwa ni taasisi ya namna nyingine. Fahari yake ni kupungukiwa. Ikiwa kazi ya mwaka wa 2009 ilikuwa ya kweli, basi vizimba vya Agra vilivyojengwa kwa ajili ya dubu wa barabarani vinapaswa kuachwa kimoja baada ya kingine, si kwa njaa wala kwa wafadhili kuchoka, bali kwa uzee uliofikiwa kwa amani, na pasiwe na mwingine wa kuletwa aliyetobolewa pua.

Ahadi ni deni, na deni hili lina tarehe ya mwisho. Litakwisha siku atakapokufa dubu wa mwisho aliyewahi kuchezeshwa. Siku hiyo haitakuwa na wapiga picha wengi. Atakuwepo mlezi mmoja na bakuli lililobaki na uji. Mfadhili aliyekuwa akituma mchango wake hadi asubuhi ya siku hiyo, bila ya kuahidiwa picha mpya, ndiye atakayekuwa ameielewa methali.